Bawa Lililobaki Nyamuswa

Haya ninayoandika hamtayaamini, na mimi sitawabembeleza. Nimeshayasimulia pale Murangi ufukweni, mbele ya wavuvi ambao kila mmoja wao ameshavua sangara mzito kama ndama, ila siku hiyo mzani ulikuwa umeharibika. Watu wa namna hiyo, wanaodanganya tangu asubuhi, walinisikiliza mpaka mwisho wakasema, Florian, hapo umezidisha. Basi na nyinyi kataeni. Mimi nina darasa la nne la zamani, ambalo ni sawa na kidato cha nne cha siku hizi, na mwandiko wangu walimu waliutamani.

Naandika maisha ya Wegesa, mke wa marehemu kaka yangu Masatu. Nianze kwa kusema kwamba simpendi. Na yeye hanipendi, tena amenizidi, maana mimi Jumapili huwa napumzika. Aliyeomba niandike ni binti yake, Hana, mwalimu huko Butiama, ambaye ananiita baba mdogo kwa heshima zote na ndiye aliyeniletea hizi karatasi. Mama yake alikubali kwa sharti moja: kila ninachoandika nikisome kwa sauti hapo hapo, yeye akisikia. Kwa hiyo sasa hivi amekaa hatua tatu kutoka nilipo, ana ungo wa maharage mapajani, anachambua. Kila jiwe analolitoa analirusha upande wangu.

Wegesa si mtu wa ziwa. Ni Mzanaki wa vilima vya Butiama, na alipoletwa kwetu Murangi kuolewa hakujua kuogelea, hakujua kumparua samaki, na dagaa aliwaita wadudu. Wanawake wa kwetu walimpokea kama mtu anavyoipokea mvua akiwa ameanika dagaa. Hata maji ya kuoga alichotaga peke yake, kwa sababu hakuna aliyetaka kutembea naye.

Lakini mtu yule alikuwa na macho. Alikulia kwenye zizi la baba yake, na watu wa kule ng'ombe hawawahesabu. Wanasimama mlangoni jioni, wanatazama kundi linapita, halafu wanasema yule mwenye baka la shingo hayupo, na yule wa mguu mweupe anachechemea. Ng'ombe sitini, mia, ni hivyo hivyo. Alipofika ziwani akakosa ng'ombe wa kutazama, ndipo akaanza kutazama ndege.

Sasa nieleze habari ya ndege, na mnielewe vizuri, kwa sababu kesi yote ilitokana na hapo. Sisi watu wa ziwa, bata mwitu mkubwa ni bata mwitu mkubwa. Ni mchuzi unaoruka. Tulikuwaga na jina moja kwa wote. Wegesa hakumaliza msimu mmoja, akamwambia kaka yangu kwamba hao mnaowaita jina moja ni watu wawili tofauti, hata ukoo hawachangii. Mmoja akamwita bata wa mwiba. Huyo ana mdomo mwekundu na miguu ya rangi hiyo hiyo, na kwenye kiwiko cha bawa ana mwiba kama kipi cha jogoo, mkali, unachoma mpaka mfupani. Wa pili akamwita bata wa nundu, kwa sababu dume ana nundu juu ya mdomo. Huyo kichwa chake ni cheupe chenye madoadoa meusi, kama mtu aliyenyunyiziwa wino, na mdomo na miguu havina wekundu wowote.

Wakiwa wametua unaweza kuwatofautisha hata wewe. Shida ni hewani. Wote ni weusi mgongoni, weupe tumboni, na jike la mwiba halimpiti sana dume la nundu kwa ukubwa. Jike la nundu nalo halina nundu, utalijuaje? Jua likiwa nyuma yao wote wanakuwa makaa. Wegesa akasema, usitazame ukubwa, tazama bawa. Bata wa mwiba akiruka, sehemu ya mbele ya bawa inafunguka nyeupe kama mtu aliyekunja mikono ya shati. Bata wa nundu bawa lake ni jeusi lote, juu na chini. Na wale wa mwiba ambao bado wadogo weupe wao ni hafifu, unaweza kuwadhania wa nundu. Hapo sheria yake ilikuwa fupi: ukishuku, shusha bunduki.

Maana bunduki ilikuwepo. Ilikuwa ya marisau, mtutu mmoja, ya baba yetu. Baba alipokufa ilikwenda kwa Masatu kwa kuwa ni mkubwa. Macho ya Masatu yalianza kuingia ukungu akiwa hajafika miaka hamsini, na kuanzia hapo Wegesa akawa anakwenda naye kwenye majani, anakaa nyuma ya bega lake. Akisema "piga," Masatu anapiga. Akisema "acha," anaacha. Nilicheka sana enzi hizo. Nilisema kaka yangu ameoa darubini. Lakini kibali cha kuwinda kilikuwa kinataja aina ya ndege kwa jina, na kwenye kibali chake bata wa mwiba alikuwemo, wa nundu hakuwemo. Ukikutwa umeua asiyekuwemo, leseni inakwenda na bunduki inaifuata. Miaka yote Masatu aliwinda akiwa karibu kipofu, na hakuua hata ndege mmoja wa makosa.

Akafa mwaka wa themanini, kifua. Matanga yalipoisha wazee wa ukoo wakaniita, wakasema mambo ya kawaida. Nikaenda kwa Wegesa nimevaa shati safi.

"Wazee wamesema nikurithi," nikamwambia.

"Mimi si baiskeli, shemeji."

"Mila ni mila, Mama Hana. Nitakutunza."

"Wewe? Juzi umekuja kuomba chumvi hapa."

Nikaona bora niingie kwenye jambo lenyewe. "Basi bunduki. Hiyo ni ya baba yangu."

Akaenda ndani. Nilidhani anaileta. Akatoka na kijiti cha kuchochea moto, akakaa, akaanza kuchochea moto wake kama mimi sipo. Nikasimama pale mpaka shati likaloa jasho.

Alikwenda Musoma mjini mara tatu kuomba leseni iandikwe jina lake. Mara ya kwanza walimwambia mwanamke hamiliki bunduki. Mara ya pili akawaambia wamwonyeshe mstari ulioandikwa hivyo. Mara ya tatu alikwenda na chakula chake kwenye kikapu, akakaa kwenye benchi mpaka wakachoka kumwona. Akarudi na karatasi. Kuanzia siku hiyo nusu ya ukoo haikumsalimia, na mimi ndiye niliyeongoza hiyo nusu.

Msinione mbaya. Kila mtu alikuwa mbaya miaka ile. Nyinyi wa sasa mnaingia dukani mnakuta sabuni za rangi tano, mnalalamika harufu. Sisi tulikuwa tunagawiwa mche mmoja kwa nyumba tatu, na nyumba zinanuniana mwezi mzima kwa sababu ya kipande cha mwisho. Sukari ilikuwa hadithi. Watu walifua kwa majivu na kwa majani ya mpapai. Mtu akionekana na kitu kipya, jirani anauliza amekitoa wapi, na haulizi kwa wema. Katika hali hiyo mjane mwenye bunduki alikuwa mtu. Wakulima wa mpunga upande wa Bunda walimwita kufukuza bata mashambani, wakamlipa unga, mafuta ya taa, wakati mwingine kitambaa. Kwa mtutu ule Hana alisoma. Ungemnyang'anya bunduki, ungemrudisha kuwa yule mwanamke wa milimani asiyejua kuparua samaki, na safari hii hana mume.

Naye alikuwa na utaratibu wake, ambao watu waliuona ni kiburi. Ndege wa Wegesa hanyonyolewi njiani. Atabebwa na kichwa chake, miguu yake na mabawa yake, mpaka afike kwa mpishi. Ukimuuliza kwa nini mzigo uwe mkubwa bure, anasema, "Ndege akishanyonyolewa ni nyama tu. Nyama haina shahidi."

Sasa tufike mwaka wa themanini na nne, mwezi wa tano, mpunga umeiva. Wakulima wa kando ya ghuba huko Bunda wakamwita. Nami nikaenda, kwa sababu alihitaji mtu mwenye baiskeli, na mwenye baiskeli nzuri kuliko zote Murangi alikuwa mimi.

Tuliingia kwenye majani kabla hakujapambazuka. Ndege wakaja na giza giza, kundi kwa kundi, wanashuka kwenye mpunga. Wakulima wako nyuma yetu wamekamata madebe.

"Piga, mama," mmoja akanong'ona.

Wegesa anatazama juu.

"Wanakula hao. Piga."

"Siwaoni mabawa."

"Umekuja kupiga au umekuja kukagua?"

"Nimekuja na risasi mbili," Wegesa akasema. "Ukitaka kupiga kila kinachoruka, piga debe lako."

Yule bwana akamtukana kwa kilugha, tusi la kuingiza wazazi. Wegesa hakugeuka. Jua likatoka, likapanda kidogo, kundi la kwanza likapita juu yetu chini chini, hata mimi ningewapiga kwa kofia. Akashusha mtutu. Alisema baadaye hakuwa na uhakika, huenda walikuwa watoto wa mwiba, huenda wa nundu. Wakulima wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakimsonya. Ndipo likaja kundi la pili likitokea upande wa ziwa, jua likiwaangaza usoni, na mbele ya kila bawa nikaona ule weupe wa shati lililokunjwa. Akapiga, akatia nyingine, akapiga. Wakaanguka wawili. Akaenda kuwaokota mwenyewe, akashika kiwiko cha bawa kwa kila mmoja, akapapasa mwiba, akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa salamu.

Mmoja akawapa wenye shamba, maana ndivyo ilivyo, wa kwanza ni wa shamba. Wa pili akanipa mimi.

"Peleka mnadani Nyamuswa, ubadilishe na mche wa sabuni. Hana anarudi shule Jumatatu, hawampokei bila sabuni. Na shemeji, usimnyonyoe."

"Nimekuwa mtoto?"

"Mtoto ningemwambia mara moja. Usimnyonyoe."

Sasa mtu akiniambia kitu mara mbili, kinanikera mara tatu. Nikapanda baiskeli. Nyamuswa nina mtu wangu pale, au alikuwa wangu, Mbuke, mwanamke mnene mcheshi anayesaga ulezi kwa jiwe mpaka unakuwa kama poda ya mtoto. Nikaona nipitie kwake kwanza ndege atengenezwe, aonekane safi mnadani. Nani ananunua ndege mwenye miguu? Mbuke akachemsha maji, tukanyonyoa. Kichwa nikamtupia mbwa wake. Miguu tukaitia kwenye sufuria na kitunguu, na siwezi kusema uongo, ilikuwa mitamu. Mabawa nikayakata kwa kisu chake butu, nikavunjia mfupa kwenye goti kwa sababu kisu kilikataa kumaliza, na hapo mwiba ukanichoma kidole gumba mpaka nikaona nyota mchana. Nikampa Mbuke yale mabawa ya kufagilia unga kwenye jiwe lake. Mwanamke akafurahi kama nimempa kitenge.

Tulikula, tukaongea. Nilipofika mnadani sabuni ilikuwa imekwisha na mwenye sabuni ameondoka. Nikarudi Bunda na nyama ile kwenye kikapu, haina kichwa, haina miguu, haina bawa.

Pale Bunda, karibu na stendi, akanisimamisha bwana nyama, yaani askari wa wanyamapori, kijana mmoja anaitwa Clementi, mgeni, kaptula imepigwa pasi inasimama yenyewe. Miaka ile wakubwa walitaka wahujumu uchumi wakamatwe, na asiyekamata mtu alionekana naye ni mhujumu. Akafunua kikapu.

"Hii nini?"

"Bata."

"Wa nani?"

"Wa shemeji yangu, Wegesa. Ana kibali."

"Kibali cha bata gani?"

"Wa mwiba."

Akamgeuza geuza. "Mwiba uko wapi hapa? Huyu ni wa nundu. Mmemkata kichwa mfiche nundu." Akatabasamu. Nilimchukia kwa lile tabasamu, lakini ngoja niseme na la kwangu. Akaendelea: "Huyo mwanamke leseni yake inaisha kesho. Hakuna mwanamume kwenye ukoo wenu wa kushika bunduki?"

Ningeweza kusema pale pale. Mabawa yapo Nyamuswa, mwiba huu hapa umenitoboa kidole, nenda ukaone. Yalikuwa maneno machache. Nikayaona yote yakiwa yamepangwa mdomoni kama meno. Nikasema, "Yupo. Mimi ni mdogo wa marehemu." Kisha nikafunga kidole changu kwa jani la mgomba.

Hapa Wegesa amenirushia jiwe kubwa kuliko yote. Amesema endelea kusoma.

Kesho yake asubuhi ikawa kesi. Si mahakamani, ila kwenye godauni la pamba, ambalo mwaka ule halikuwa na pamba, lilikuwa na popo. Mwenyekiti alikuwepo, na Clementi, na mgambo, na wale wakulima waliotukana, na umati wa watu kama mia mbili wamejaa mpaka mlangoni. Bunduki ya baba imelazwa mezani. Kando yake yule bata, ameanza kunuka kidogo. Clementi akaeleza kesi yake vizuri kabisa, kwa Kiswahili cha redio. Wakulima wakaulizwa, wakasema hawakuona ni ndege gani, ila wanamjua huyu mama ni jeuri. Na yule ndege mliyepewa? Tulimla, wakasema, na mifupa tukamwachia mbwa. Hawakumwonea huruma hata kidogo.

Mwenyekiti akamwambia Wegesa ajitetee.

"Bwana nyama," Wegesa akasema, "huyu ndege ulimwona ana manyoya?"

"Hapana."

"Ulimwona miguu?"

"Hakuwa na miguu."

"Basi umemjuaje?"

"Kwa ukubwa. Bata wa mwiba ni mkubwa kuliko huyu."

"Dume ndiyo. Huyu ni jike. Nikikuwekea ngozi ya ng'ombe hapa utaniambia alikuwa na maziwa?"

Watu wakacheka, na Clementi akapandwa na hasira. "Mama, usilete mchezo. Kama ni halali, kwa nini kila alama imeondolewa? Kichwa, miguu, mabawa, vyote? Nani anafanya hivyo kama hafichi kitu?"

Hilo swali lilikuwa zuri. Hata Wegesa aliliona ni zuri. Akageuka, akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimekaa nyuma, kwenye gunia.

"Shemeji, mabawa yako wapi?"

"Nilitupa."

"Wapi?"

"Njiani. Nani anakumbuka mahali pa kutupa takataka?"

Akanitazama kama anavyotazama kundi likipita mlangoni mwa zizi. Aliteremka kutoka uso, bega, mkono, akafika kwenye kidole.

"Hilo jani la nini?"

"Cheni ya baiskeli imenibana."

"Fungua."

"Mimi si mshitakiwa hapa."

"Mwenyekiti, naomba afungue."

Nikafungua. Cheni ikikubana inasaga, inaacha mafuta na mstari. Changu kilikuwa kitundu kimoja, cha duara, kirefu kwenda ndani, safi kama kimetobolewa na msumari. Wegesa akamwonyesha Clementi. Yule kijana akatazama, akatazama tena karatasi zake ambazo hazikuwa na picha ya kidole.

"Hicho kinaweza kuwa kitu chochote," akasema.

"Kinaweza," Wegesa akakubali. "Nipe mpaka kesho asubuhi nikuletee kilichomchoma. Najua alikokula. Bunda nzima inajua."

Akapewa. Hakuwa na usafiri. Petroli ilikuwa ya kibali, malori yamelala. Baiskeli yangu, kwa bahati mbaya, ilikuwa na pancha.

Amerusha mawe mawili kwa mpigo. Sawa. Haikuwa na pancha.

Alikwenda kwa miguu, barabara yote ile ya kupanda kwenda Nyamuswa, na mimi nikabaki stendi ninakunywa chai ya rangi isiyo na sukari, nikifikiria mahali nitakapoitundika ile bunduki ukutani. Yaliyotokea kule alinisimulia Mbuke mwenyewe, siku ya mwisho aliyowahi kuongea nami. Alikuwa anasaga. Wegesa akasimama mlangoni, vumbi mpaka magotini, akaona bawa mkononi mwake.

"Hilo bawa naliomba."

"Nimepewa," Mbuke akasema.

"Na nani?"

"Na aliyemuua huyo ndege. Florian. Amempiga kwa risasi moja, gizani."

Jamani, mwanamume akiwa mbele ya sufuria husema mengi.

"Florian hajawahi kupiga hata chura," Wegesa akamwambia. "Ndege nilimpiga mimi, na jua lilikuwa limetoka. Nikikosa hilo bawa, mtoto wangu haendi shule. Lingine liko wapi?"

"Mbwa amelikokota."

"Basi hilo moja."

Mbuke akasema zawadi haitoki bure. Wegesa akavua kitenge alichojifunga begani, kitenge kizima, mwaka ambao watu walikuwa wanazikwa kwenye mashuka yenye viraka, akakiweka juu ya unga. Akachukua bawa. Hakukubali hata maji ya kunywa kwenye nyumba ile.

Asubuhi akaingia godauni amevaa gauni peke yake, miguu imevimba, bawa chini ya kwapa. Unga wa ulezi bado umeshika kwenye manyoya. Akaliweka mezani, akalifungua kama unavyofungua mlango. Weupe ule wa mbele ukatokea, na kwenye kiwiko, mwiba.

Clementi alikuwa amejitayarisha, usiku hakulala bure. "Hili ni bawa la bata wa mwiba, nakubali," akasema. "Lakini umelitoa wapi? Utaniambia vipi ni la ndege huyu? Nyamuswa nzima ina mabawa."

Ndipo Wegesa akafanya kile kitu ambacho wavuvi wa Murangi hawajanisadiki mpaka leo. Akamvuta yule bata aliyeoza karibu naye, bila kuziba pua, akatafuta kibutu cha bawa la kulia. Akalishika bawa kwa mkono wa pili. Kumbukeni kwamba kisu kilikuwa butu, nusu nilikata, nusu nikavunjia gotini, kwa hiyo mfupa ulikuwa na jino refu upande mmoja na pengo upande mwingine. Akaingiza jino kwenye pengo. Mfupa ukakaa. Ukakaa kama vipande vya chungu kilichovunjika leo asubuhi. Akanyanyua bawa, na yule bata akanyanyuka nalo kidogo kutoka mezani kabla mfupa haujaachia.

Mwenyekiti akainama kuutazama. 

"Kibali changu kinasema bata wa mwiba," Wegesa akasema. "Mwiba huo. Na wewe, bwana nyama, siku ukitaka kuwajua, njoo kwenye majani saa kumi na mbili asubuhi. Usije na kaptula hiyo."

Clementi akaichukua bunduki mezani, akampa, hakusema samahani. Siku hizo watu wa serikali walikuwa hawana hilo neno, na sijui kama sasa wamelipata. Wakulima wakatoka bila kumsalimia. Mmoja, yule wa tusi, alisema mlangoni kwamba bado ni jeuri. Bunduki ilibaki ya Wegesa. Hana akaenda shule Jumatatu bila sabuni, akachapwa, akasoma hivyo hivyo, na ndiyo maana leo ana karatasi za kunigawia. Na biashara ilipofunguliwa, mabwana wa Musoma wakaanza kuja na magari na bunduki mpya zinazong'aa, wanataka Wegesa awapeleke kwa bata. Anawauliza swali moja, bawa la yupi lina weupe mbele. Wengi wanarudi mjini na magari yao.

Lakini nimesahau jambo. Kabla watu hawajatoka, Clementi aligonga meza. Akauliza, "Nani aliyelikata bawa hili, na kwa nini alinyamaza siku nzima, mwanamke huyu karibu apokonywe bunduki?"

Hapo ndipo, wanangu, mimi Florian nilipoonyesha mimi ni mwana wa nani. Sikusubiri kutajwa. Nilisimama juu ya lile gunia, mbele ya watu wasiopungua mia tano, machozi yananitoka, nikapaza sauti ikasikika mpaka Butiama, nikasema, mabawa niliyakata mimi, nikanyamaza kwa tamaa ya bunduki, na kuanzia leo asiyemsalimia huyu mama asinisalimie mimi, na watu wote wakaanza kunipigia makofi, hata bwana nyama akavua kofia yake, akanijia, aka—

"Shemeji," amesema Wegesa, na ungo ameuweka chini. "Watu walikuwa tisa. Na wewe hukusimama."